Msamaha wa Kodi na Kazi za Viwandani: Je, Mwenyeji Apona?

Mwaka 1992 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilitenga sehemu mbili za visiwa vyetu kuwa maeneo huru ya uchumi: Fumba, kusini-magharibi mwa Unguja, na Micheweni, kaskazini mwa Pemba. Sheria ilikuwa moja na ahadi ilikuwa moja. Mwenye mtaji aje, ajenge kiwanda, aajiri watu; naye kwa miaka 10 ya mwanzo hatadaiwa kodi ya faida, wala ushuru wa forodha juu ya mashine na malighafi aingizazo kwa ajili ya kazi hiyo. Sasa imepita zaidi ya miaka 30. Apitaye Fumba leo huona viwanda, lakini huona zaidi majengo ya makazi yaliyojengwa kwa kuuzwa, mengine kwa wageni. Apitaye Micheweni hukumbuka kwamba kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo ardhi iliyotengwa ilibaki kuwa mawe na vichaka, na vijana wa huko wakaendelea kuvuka bahari kutafuta kazi Unguja, Tanga na Dar es Salaam.

Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sera yetu ya vitega uchumi, tangu ilipotungwa sheria ya kwanza ya kuvilinda mwaka 1986, imesimama juu ya maneno hayo, hata kama hayakuandikwa ndani yake. Mgeni tumemkaribisha, na kwa heshima. Swali tunalotaka kuliuliza leo, kwa wananchi na kwa wakuu wa serikali vilevile, ni la nusu ya pili ya msemo huo. Mwenyeji amepona kwa kiasi gani, na kupona kwake kumetokana na msamaha wa kodi au kumetokana na jambo jingine?

Kwanza hatuna budi kukubaliana msamaha wa kodi ni kitu gani. Mazoea yetu ni kuuona kama kitu kisichogharimu. Serikali haikutoa fedha mfukoni, haikujenga chochote, imesema tu kwamba haitadai. Kwa sababu hiyo msamaha hupita kwa urahisi mahali ambapo ombi la fedha za kujenga skuli mbili lingejadiliwa siku nzima. Lakini shilingi isiyodaiwa na shilingi iliyotumika ni shilingi ile ile. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kiwanda kinapata faida ya shilingi bilioni 5 kwa mwaka. Kodi ya mapato ya makampuni, ambayo ni jambo la Muungano, kwa kawaida hutozwa asilimia 30. Basi kiwanda hicho kimesamehewa shilingi bilioni 1.5. Kama kimeajiri watu 150, umma umetoa shilingi milioni 10 kwa kila mfanyakazi kwa mwaka mmoja. Naye mfanyakazi huyo, akilipwa shilingi 400,000 kwa mwezi, anapata shilingi milioni 4.8 kwa mwaka. Katika mfano huu umma ungeweza kumlipa mishahara miwili, na bado chenji ikabaki.

Atajitokeza mtu atujibu kwamba hesabu hiyo si ya haki, kwa sababu bila msamaha kiwanda kisingekuja kabisa, na asilimia 30 ya sifuri ni sifuri. Mtu huyo amesema kweli, na hoja yake ndiyo kiini cha jambo lote. Kama kiwanda kisingekuja, tulichosamehe hatukuwa nacho. Kama kingekuja vyovyote vile, tumetoa zawadi. Basi kila kitu kinategemea swali moja, je, mwenye mtaji huja kwa sababu ya msamaha?

Benki ya Dunia iliwauliza wenyewe. Katika uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013, wawekezaji wa nchi kadhaa waliulizwa kama wangeweka mitaji yao hata kama wasingepewa nafuu za kodi. Tanzania, 91 kati ya kila 100 walijibu ndiyo. Uganda walikuwa 93, Rwanda 98. Kenya walikuwa wachache zaidi, 61, lakini hao nao ni wengi kuliko nusu. Yumkini mtu aliyekwisha kujenga na kupokea msamaha wake huona rahisi kusema kwamba asingeuhitaji, kwa hiyo hatuzichukui tarakimu hizi kama maandiko matakatifu. Hata tukizipunguza sana, hata hivyo, zinabaki zikisema kwamba sehemu kubwa ya misamaha huwaendea watu ambao tayari walikuwa njiani kuja.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi, maana tunao nyumbani. Fumba na Micheweni zilipewa msamaha ule ule, mwaka ule ule. Ingekuwa msamaha ndio uletao viwanda, maeneo hayo mawili yangekwenda sambamba. Hayakwenda. Fumba iko karibu na mji, uwanja wa ndege na bandari. Micheweni iko mbali na vyote hivyo, na Pemba nzima iliendelea kutegemea majenereta ya dizeli mpaka ulipofika waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010. Mwenye kiwanda cha kusindika samaki anayehitaji barafu usiku na mchana hawezi kugandisha samaki kwa cheti cha msamaha wa kodi.

Na hata Unguja tumelipata somo hilo kwa uchungu. Itakumbukwa kwamba waya uliokuwa ukituletea umeme kutoka Bara tangu mwaka 1980 uliharibika mwaka 2008, tukakaa gizani karibu mwezi mzima. Na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, takriban miezi mitatu. Waya wa pili, mkubwa zaidi, ulianza kazi mwaka 2013. Katika miezi ile mitatu ya giza, msamaha wa kodi ya faida ulikuwa na thamani gani kwa mwenye kiwanda? Haukuwa na thamani yoyote, kwa sababu asiyezalisha hana faida, na asiye na faida hatozwi kodi hiyo hata katika nchi isiyosamehe. Huo ndio upungufu mkubwa wa msamaha wa namna hii: humfaa zaidi yule ambaye faida yake ni kubwa na ya haraka, na haumsaidii kitu yule anayehangaika miaka ya mwanzo kusimamisha mitambo mizito na kuwafundisha watu kazi. Yaani humtuza asiyehitaji tuzo.

Hata hivyo tungekuwa si waadilifu kama tungeishia hapo, kwa kuwa kipo kisiwa jirani ambacho jambo hili lilikifaa, nacho hutajwa kila mara katika mikutano yetu. Kisiwa hicho ni Mauritius. Hutajwa sana, ila huchunguzwa kidogo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtaalamu wa uchumi wa Kiingereza, James Meade, alipelekwa kuichunguza Mauritius na akarudi na habari za kukatisha tamaa: watu wanaongezeka upesi, ardhi ni ndogo, na nchi inaishi kwa zao moja tu, miwa. Mauritius ilipata uhuru Machi 1968 ikiwa na vijana wengi wasio na kazi. Mwaka 1970 ikatunga sheria ya viwanda vya kuzalisha kwa ajili ya kuuza nje, kwa kufuata fikra iliyotetewa na Profesa Edouard Lim Fat, aliyekuwa ameyaona maeneo ya namna hiyo huko Taiwan. Kodi ya faida ilisamehewa kwa miaka mingi, na malighafi ziliingia bila ushuru. Hadi hapo sheria hiyo inafanana na yetu kama pacha.

Lakini zipo tofauti ambazo wanaoitaja Mauritius huziruka. Ya kwanza ni kwamba Mauritius haikuzungushia ua sehemu moja ya nchi. Kiwanda kilipewa cheti popote kilipojengwa, kijijini au mjini, hata ikawa kisiwa kizima ni eneo huru. Kazi ikawafuata watu walipokuwa wakiishi. Mwanamke wa kijijini alitembea kwa miguu au kwa basi kwenda kushona fulana na jioni akarudi nyumbani kwake. Kwa nchi ya visiwa, ambapo kumhamisha mtu kutoka kijiji chake ni kumtenga na shamba, pwani na jamaa zake, tofauti hii si ndogo.

Ya pili, nayo tunaiona kuwa kubwa kuliko zote, ni ya mtaji. Mauritius iliwapokea wenye viwanda vya nguo kutoka Hong Kong, ni kweli. Lakini sehemu kubwa ya fedha zilizojenga viwanda vile ilikuwa ya wenyeji, hasa ya makampuni ya miwa. Kwa mkataba wa Lomé wa mwaka 1975 nchi za Ulaya zilikubali kununua sukari kwa bei nzuri kuliko ya soko la dunia, na Mauritius ikapata fungu kubwa kuliko nchi nyingine zote zilizomo. Fedha za sukari zikageuka cherehani. Kwa hiyo faida iliyosamehewa kodi, kwa kiasi kikubwa, ilibaki kisiwani, ikajenga kiwanda kingine, kisha hoteli, kisha benki. Msamaha wa kodi kwa mwenye mtaji ambaye nyumba yake, watoto wake na makaburi ya wazee wake yapo hapa si kitu kimoja na msamaha kwa mwenye mtaji ambaye vitabu vyake vya hesabu viko ng'ambo.

Ya tatu, serikali yao haikuona kwamba msamaha unatosha badala ya kazi nyingine za serikali. Mwaka 1977 elimu ya sekondari ilifanywa kuwa ya bure. Barabara, umeme na bandari vilishughulikiwa. Hata hivyo mambo hayakwenda vizuri tangu siku ya kwanza: mwishoni mwa miaka ya 1970 nchi iliingia katika shida kubwa, ikashusha thamani ya sarafu yake mwaka 1979 na tena 1981, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 karibu mtu mmoja kati ya watano hakuwa na kazi. Ndipo yakafuata maendeleo ya kasi ambayo yanasifiwa hadi leo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 viwanda vile vilikuwa vimeajiri watu zaidi ya 80,000, walio wengi wakiwa wanawake, na wenye viwanda wakaanza kulalamika kwamba wafanyakazi hawapatikani.

Tusifiche upande wa pili wa shilingi. Sheria ile ile iliyosamehe kodi ililegeza pia ulinzi wa wafanyakazi, ikaruhusu walazimishwe kufanya kazi za ziada na kufukuzwa kwa urahisi zaidi kuliko wenzao wa viwanda vingine, na ujira wa wanawake ulikuwa mdogo kuliko wa wanaume. Baadaye, wenyeji walipoanza kuzikataa kazi zile kwa ujira ule, vikaletwa vibarua kutoka China, India na Bangladesh. Na ulipomalizika mwanzoni mwa mwaka 2005 ule utaratibu wa dunia wa kugawana mafungu ya biashara ya nguo, uliokuwa umewaleta watu wa Hong Kong kisiwani, baadhi yao wakafunga virago. Watu wengi, wengi wao akina mama wa makamo waliokuwa hawajui kazi nyingine ila cherehani, wakaachishwa.

Lakini tazameni Mauritius ilifanya nini. Haikuongeza msamaha. Katika mabadiliko yaliyoanza mwaka 2006 iliondoa tofauti baina ya makampuni ya kuuza nje na makampuni mengine, ikatoza yote kiwango kimoja cha asilimia 15, kwa kanuni nyepesi zinazojulikana na kila mtu. Yaani msamaha ulikuwa ngazi, na nchi ilipofika juu ngazi iliondolewa. Sisi ngazi yetu tumeisimamisha kwa zaidi ya miaka 30, na bado hatujajiuliza tunapanda wapi.

Kipo kisiwa kingine kisichotajwa sana katika mikutano yetu, ingawa kinastahili kutajwa kuliko Mauritius. Ni Puerto Rico, katika bahari ya Karibi, kilicho chini ya Marekani tangu mwaka 1898. Huko ndiko siasa ya kuita viwanda kwa msamaha wa kodi ilikojaribiwa mapema na kwa ukamilifu kuliko karibu mahali pengine popote. Mwishoni mwa miaka ya 1940, chini ya Luis Muñoz Marín na msimamizi wake wa maendeleo, Teodoro Moscoso, serikali ya kisiwa ilisamehe kodi zake kwa viwanda vipya, nazo kodi za serikali ya Washington hazikuwa zikiwagusa. Viwanda vikaja kwa mamia. Wajumbe wa nchi changa, wakiwamo Waafrika, walipelekwa huko kuonyeshwa mfano wa kuigwa.

Katika miaka ile ile ya kusifiwa, mamia ya maelfu ya wananchi wa Puerto Rico walipanda ndege kwenda New York kutafuta kazi, kwa kuwa mashamba yalikufa upesi kuliko viwanda vilivyoweza kuajiri. Kisha, mwaka 1976, Bunge la Marekani likatunga kifungu cha sheria, cha 936, kilichoyaruhusu makampuni ya Marekani kurudisha nyumbani faida ya Puerto Rico bila kulipa kodi. Waliofaidi kuliko wote ni watengenezaji wa dawa. Dawa ina tabia moja: gharama ya kuitengeneza ni ndogo, thamani yake imo katika haki ya ubunifu, na haki hiyo ni karatasi. Kampuni ikiiandika karatasi hiyo kuwa ni mali ya tawi lake la Puerto Rico, basi faida iliyotokana na akili za watu wa New Jersey huonekana vitabuni kuwa imezaliwa kisiwani.

Wakaguzi wa Bunge la Marekani walipiga hesabu wakatoa taarifa mwaka 1992. Walikuta kwamba katika mwaka 1987 makampuni ya dawa yalipata nafuu ya kodi ya zaidi ya dola 70,000 kwa kila mfanyakazi waliyemwajiri Puerto Rico, hali mfanyakazi huyo alilipwa dola 26,000 na kidogo. Msomaji atauona mfano wetu wa bilioni 5 kuwa ulikuwa wa upole. Mwaka 1996 Bunge likakifuta kifungu kile kwa muda wa miaka 10, na msamaha ukakoma mwishoni mwa mwaka 2005. Mwaka 2006 uchumi wa kisiwa ukaanza kuporomoka. Serikali ya kisiwa, iliyozoea kuendesha mambo yake kwa mikopo, ikajikuta na deni la zaidi ya dola bilioni 70 isiloweza kulilipa, na mwaka 2017 ikaomba kinga ya mahakama kama mfanyabiashara aliyefilisika. Wakazi walikuwa milioni 3.8 katika hesabu ya mwaka 2000. Katika hesabu ya 2020 walikuwa chini ya milioni 3.3.

Hatusemi kwamba kufutwa kwa msamaha peke yake ndiko kulikoleta msiba huo. Ulikuwamo uzembe wa serikali, vilikuwamo vimbunga, yalikuwamo mengine. Tunasema kwamba kwa nusu karne kisiwa kile kilikuwa na viwanda, lakini hakikuwa na wenye viwanda. Wenye viwanda walikuwa kwingineko, na aliyeshika ufunguo wa msamaha naye alikuwa kwingineko. Jirani zetu wa Madagascar wanalijua jambo hilo pia. Viwanda vyao vya nguo vilistawi kwa nafuu ya ushuru wa soko la Marekani, baadhi vikiwa vimehamia huko kutoka Mauritius kufuata ujira mdogo. Serikali ilipopinduliwa mwaka 2009 Marekani ikaiondoa nafuu hiyo kuanzia Januari 2010, na makumi ya maelfu ya wafanyakazi wakabaki bila kazi. Kiwanda kilichokuja kwa ajili ya nafuu tu, nafuu ikiondoka nacho huondoka.

Turudi Fumba. Hatuna ugomvi na ujenzi wa nyumba. Waashi, mafundi bomba na mama ntilie wamepata riziki kutokana nao, na mji wetu unakua. Lakini mwashi hukaa kazini mpaka nyumba iishe. Mfanyakazi wa kiwanda hukaa miaka 20 na kumfundisha mwanawe kazi. Ardhi iliyotengwa kwa ahadi ya kazi za viwandani, ikiishia kuwa nyumba za kuuza, inakuwa imebadili kazi yake pasipo mtu yeyote kuambiwa wazi kwamba ahadi nayo imebadilika. Na ardhi kisiwani haizai. Wananchi wa Fumba, Bweleo na Nyamanzi walikuwa na minazi, konde na pwani yao. Akina mama wa huko wameishi kwa chaza, kombe na mwani wa ghuba ya Menai. Njia zao za kushukia pwani ni sehemu ya hesabu ya faida na hasara, ingawa haziandikwi katika fomu ya mwombaji wa msamaha.

Tunaelewa hofu ya wakuu wetu. Kenya ilitunga sheria yake ya viwanda vya kuuza nje mwaka 1990, Tanzania Bara mwaka 2002, na kila mmoja husamehe kodi kwa miaka 10. Mkuu wa idara hapa petu anaona kwamba akikataa kutoa, mgeni atavuka tu mlango wa bahari. Huo ni mnada wa kurudi nyuma, ambamo wauzaji ndio wanaoshindana kupunguza na mnunuzi amekaa kimya. Lakini hata mnada huo sasa unapungua maana. Mwaka 2021 nchi zaidi ya 130 zilikubaliana kwamba makampuni makubwa ya kimataifa, yale yenye mauzo ya euro milioni 750 na zaidi kwa mwaka, yalipe kodi isiyopungua asilimia 15 popote yafanyapo kazi, na nchi kadhaa za Ulaya zilianza kuutekeleza utaratibu huo mwaka 2024. Utaratibu wenyewe una misamaha yake na bado unabishaniwa, lakini matokeo yake kwetu ni mepesi kuyaona: kampuni kubwa ya namna hiyo tukiisamehe kodi hapa, hazina ya nchi nyingine inaweza kuidai. Tutakuwa tumechanga fedha za wananchi wa Pemba kuisaidia hazina ya Ulaya.

Nini basi kifanyike? Maoni yetu ni kwamba msamaha usifutwe wote kwa siku moja, maana serikali iliyotoa neno lake kwa mwenye mtaji haina budi kulitimiza. Lakini misamaha mipya iwe ya namna nyingine. Badala ya kusamehe faida, serikali iruhusu mwenye kiwanda kukata kutoka katika hesabu ya kodi gharama za mashine alizozinunua na vijana aliowafundisha. Anayenunua mashine nyingi apate nafuu kubwa. Anayekodi ghala na kuleta vibarua kutoka nje asipate kitu. Vyuo vya mafunzo ya amali vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji vipo; mwenye kiwanda akichukua wanafunzi wao na kuwalipa, na hilo lihesabiwe. Kwa kuwa kodi ya mapato ni jambo la Muungano, hili litahitaji mazungumzo na wenzetu wa Bara, na hatuoni kwa nini wao nao wasilione jema.

Pili, nafuu iwaangalie wenyeji. Mwani umelimwa visiwani kwa biashara tangu mwaka 1989, wakulima wake wengi ni wanawake, na mpaka leo sehemu kubwa huondoka bandarini ukiwa umekaushwa tu, kwenda kutengenezwa kwingine. Mfanyabiashara wa Wete au Makunduchi anayetaka kununua mtambo wa kuusaga na kuuchuja hana mwanasheria wa kumwombea msamaha, wala hana habari kwamba msamaha upo. Mtaji wake ni mdogo, lakini hautapanda ndege.

Tatu, na hili ndilo tunaloliwekea mkazo kuliko yote, hesabu iwekwe wazi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Katika mwaka wa fedha 2011/12 ilijulikana kwamba misamaha ya kodi Tanzania Bara imefika karibu shilingi trilioni 1.8. Tarakimu hiyo ilipotajwa hadharani, mjadala ulikuwa mkali, na sheria mpya ya kodi ya ongezeko la thamani ya mwaka 2014 ikaondoa misamaha mingi. Hakuna aliyeshawishiwa kwa hotuba ndefu. Ilitosha tarakimu moja kusomwa kwa sauti.

Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi hukutana kila mwaka kupitisha bajeti. Tunaomba katika vitabu vya bajeti ijayo uwepo ukurasa mmoja zaidi, ambao nakala yake itabandikwa pia katika ofisi ya sheha wa kila shehia yenye kiwanda kilichosamehewa. Ukurasa huo uonyeshe jina la kampuni, mahali ilipo, kodi iliyosamehewa kwa mwaka, idadi ya wenyeji walioajiriwa humo na jumla ya mishahara yao, na mwaka ambao msamaha utakwisha. Kwa upande wa Micheweni orodha hiyo inaweza kuwa fupi sana mwaka wa kwanza. Isomwe hivyo hivyo.